Moto Usiotupiwa Taka

Mwezi uliopita walibomoa bekari ya Bwana Sorabji. Mjukuu wangu ndiye aliyeniletea habari, nikachukua fimbo yangu nikaenda kuangalia, maana mtu wa umri wangu hana tena mazishi mengi ya kuhudhuria, wenzake wote wamemtangulia, zimebaki nyumba. Ukuta wa mbele ulikuwa umeshaanguka. Tanuri lilikuwa bado limesimama katikati ya vumbi, na kijana mmoja wa mjengo alikuwa anachomea ndani yake mifuko ya plastiki na mbao zilizooza. Nikamwambia atoe vitu hivyo. "Mathe, hii ni takataka tu," akaniambia kwa upole, "na hiyo ni shimo tu ya zamani." Nilirudi nyumbani nikakaa siku mbili bila hamu ya chakula, na siku ya tatu nikamtuma mjukuu wangu aninunulie daftari. Wote waliojua nusu ya jambo hili wamekufa, na nusu nyingine ninayo mimi peke yangu. Habari za baba na mama, za landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli nilikokulia, na za shule niliyoiacha njiani, hazina faida hapa. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, mwaka wa hamsini na nne, nilipokuwa na miaka ishirini na nikijiona nina akili nyingi.

Niliajiriwa na mke wa Bwana Sorabji, ambaye sote tulimwita Bai, kwa sababu magoti yake yalikuwa yamekataa kazi. Duka la mikate lilikuwa mbele, likitazama barabara. Nyumba ilikuwa katikati, na nyuma kulikuwa na ua mpana na bekari yenyewe. Sebule yao ilikuwa na giza hata mchana, kwa ajili ya mapazia mazito ambayo Bai aliyafunga kuzuia vumbi la ziwani. Ukutani palikuwa na picha ya mzee mwenye ndevu na kanzu nyeupe, macho yake yameinuliwa juu. Huyo alikuwa nabii wao, Zarathushtra. Chini ya picha hiyo kulikuwa na taa ya mafuta, utambi wake ukielea ndani ya glasi. Jioni Bai alizunguka chumba hadi chumba na chetezo cha fedha, moshi wa ubani na msandali ukimfuata, huku akinong'ona maneno ambayo yeye mwenyewe aliniambia hajui maana ya kila moja. Mjini watu waliwaita Wahindi wa moto. Sikuwahi kuona familia nyingine ya dini yao Nakuru, na watu wachache hivyo husemwa lolote. Mama yangu alinionya nisile chakula walichokipitisha juu ya moto wao, kana kwamba yeye alikuwa anapika kwa baridi.

Wiki yangu ya kwanza Bai aliniambia nizime mshumaa wa jikoni, nami nikaupuliza kama mtu yeyote. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikudhani anayo. "Mdomo hapana," akasema. "Pumzi iko chafu. Moto iko safi." Akanionyesha jinsi ya kuuzima kwa kupunga kiganja. Kule bekari sheria ilikuwa kali zaidi. Tanuri lililishwa kuni kavu za mgunga, basi. Hakuna karatasi, hakuna tambara, hakuna nywele wala kucha, na mtu asiteme mate akiwa amelielekea. Kuna mkandaji unga mmoja aliyetupa kipande cha sigara ndani, akalipwa ujira wake na kuambiwa aende zake kabla mikate haijaiva. Wafanyakazi walicheka kando, lakini waliizoea sheria hiyo, na wengine walianza kuifuata hata makwao.

Bwana Sorabji alipenda kufundisha, na hakuwa na wa kumfundisha. Watoto wake walikuwa ng'ambo, na Bai alikuwa ameyasikia yote. Asubuhi, lori la mikate likishaondoka, alikaa kwenye veranda ya nyuma na kikombe cha chai iliyochemshwa na mchaichai na mnanaa, nami nikikaa kwenye ngazi nikichagua mawe kwenye dengu. Hapo ndipo nilipojifunza dini yao. Dunia, alisema, iliumbwa na Ahura Mazda, Bwana Mwenye Hekima, na kila alichokiumba ni kizuri: maji, ardhi, moto, mimea, ng'ombe, mtu. Ubaya haukutoka kwake. Ubaya una mwenyewe, jina lake Ahriman, na silaha yake kubwa ni uongo. Kila anayezaliwa anajikuta katikati ya vita hivyo, wala hakuna anayemlazimisha; anachagua upande wake kila siku kwa fikira njema, maneno mema na matendo mema, au kwa kinyume chake. Nilimuuliza kama wao hufunga. Akacheka. Kufunga chakula, alisema, ni kuudhoofisha mwili ambao Mungu anauhitaji kazini. Wao hufunga macho, ulimi na mikono visitende dhambi. Nikamuuliza tena, kwa woga kidogo, kama ni kweli wanaabudu moto.

"Wewe kwa kanisa yako naangalia msalaba," akasema. "Naabudu mbao?"

"La, Bwana."

"Basi. Mungu iko mwanga. Mimi nataka kuomba, mimi naangalia mwanga. Jua, mwezi, taa, hata hiyo tanuri. Na kitu ya Mungu hapana tia taka. Iko rahisi."

Mimi ndiye niliyefua nguo zao za ibada. Kila mmoja wao alivaa ndani fulana nyeupe nyepesi, na juu yake mshipi mwembamba wa sufu ya kondoo uliozungushwa kiunoni mara tatu, ambao waliufungua na kuufunga tena kwa sala mara kadhaa kwa siku. Kwenye shingo ya fulana hiyo kulikuwa na mfuko mdogo usiotosha hata sarafu. Bai aliniambia ni wa kuwekea matendo mema, na kwamba jioni mtu hujiuliza kama leo ametia kitu. Nilikuwa naingiza kidole humo nikiwa kwenye karai la kufulia, bila kujua natafuta nini. Siku moja nikajikaza nikamwambia Bwana Sorabji kwamba nataka kuwa mmoja wao.

"Hapana wezekana," akasema. Hakukasirika. "Hii dini mtu nazaliwa nayo. Baba yangu, baba yake, mpaka kule Irani walikotoka. Sisi hapana chukua mtu."

"Hata akitaka sana?"

"Hata akitaka sana. Wewe baki kwa Yesu yako, sema kweli kila siku. Mungu taona."

Nililia jikoni siku hiyo, na sioni haya kuandika. Kisha nikafanya kile ambacho mtu aliyekataliwa hufanya: nikaamua kuzishika sheria zao kuliko wenyewe. Sikuupuliza moto wowote, hata wa makaa ya nyumbani. Niliokota majani yaliyoanguka karibu na mdomo wa tanuri yasije yakaingia. Kamau alinitania mpaka basi. Kamau ndiye aliyekuwa mtu wa tanuri, yule wa kuingiza makopo ya unga na kutoa mikate kwa kibao kirefu, mikono yake imeunguzwa nywele zote. Alikuwa mtu wa upande wa Kabazi, na tulikuwa tumekubaliana tuoane. Baba yangu alisema afadhali niolewe na nguzo ya simu kuliko Mkikuyu wakati kama ule wa Imajensi, Wakikuyu walipokuwa wanakamatwa kila siku, lakini Kamau alisema baba atachoka kukataa kabla yeye hajachoka kuomba. "Shida yangu si baba yako," aliniambia. "Shida ni wewe. Tukioana utanikataza hata kuwasha sigara kwa jiko." Nilikuwa na raha wakati ule. Sijawahi kuwa nayo tena kwa namna ile, na nimeolewa na mtu mwema miaka arobaini.

Kamau alikuwa na ndugu yake mdogo aliyetoka kwenye shamba la mzungu fulani akaingia msituni kwa wapiganaji. Jambo hili alimwambia Bwana Sorabji mwenyewe, kwa hiari yake, siku alipokuwa amejawa na wasiwasi hata akaunguza mikate ya oda nzima. Mzee alimsikiliza, akampa chai, na hakumwambia mtu. Basi asubuhi moja ya Aprili lori likarudi kutoka Subukia na vikapu vitupu, na chini ya kikapu kimojawapo kulikuwa na barua. Haikuwa na jina. Ilianza, "Ndugu yangu, wewe uliye karibu na mikate." Yule kijana alikuwa na kidonda mguuni, anaomba mikate na dawa. Karatasi ilikuwa na doa la usaha na damu pembeni, limekauka. Kamau aliisoma amesimama, akaikunja. Nilimwambia aichome.

"Nitaichoma," akasema. "Ngoja niisome mara moja ingine. Mwaka mzima sijaona mwandiko yake."

Hakuwahi kuisoma mara nyingine. Alikuwa uani akipakia mikate ya Gilgil askari walipoingia kwa milango yote miwili, wakaanza kupiga kelele kwamba Wakikuyu wote wakae chini. Mimi nilikuwa napita na kikapu, na kwa vile sikuwa Mkikuyu hakuna aliyenitazama. Kamau aliitia barua kikapuni mwangu huku akiinama. "Rispa, moto," akasema. Maneno mawili. Nikaingia bekari.

Mlango wa tanuri ulikuwa wazi. Ilikuwa ni hatua nne. Nimezihesabu hatua hizo maisha yangu yote. Nilikuwa nimeishika barua mkononi, na kidole changu kilikuwa juu ya lile doa, na nikakumbuka kwamba katika vyote vinavyochafua moto, hakuna kibaya kuliko kitu kilichotoka kwenye mwili unaooza. Bwana Sorabji alinifundisha hivyo kwenye ngazi, nami nilimwelewa vizuri. Mkono wangu ukakataa. Sikuogopa askari, nasema kweli. Niliona ninatenda jambo jema. Nilijiambia nitaificha sasa, na jioni nitaichoma kwenye jiko letu kule landi, ambalo halikuwa moto wa mtu yeyote mtakatifu. Nikafungua pipa la unga, nikaizamisha mpaka kwenye kiwiko, nikausawazisha unga juu kwa kiganja, nikatoka na kikapu changu.

Askari walikuja na vyuma virefu vya kudungia magunia na mapipa. Haikuchukua muda kuipata. Inspekta alikuwa mzungu kijana mwenye uso uliobabuka kwa jua, akaipangusa barua unga, akamsomesha karani wake. Kisha akamgeukia Bwana Sorabji, aliyekuwa amesimama kwenye veranda na fulana yake ya ndani, na karani akatafsiri swali: kati ya hawa waliokaa chini, kuna mwenye ndugu aliyepotea nyumbani? Walikuwa watatu. Nilikuwa nauangalia mdomo wa mzee. Kulikuwa na jibu fupi ambalo kila mwenye duka katika barabara ile angelitoa bila kufikiri, kwamba hajui mambo ya wafanyakazi. Uso wake ukawa wa kijivu.

"Kamau iko na ndugu," akasema. "Yeye naambia mimi mwenyewe." Kisha akaongeza, "Kamau iko mtu mzuri sana." Hiyo pia ilikuwa kweli, lakini karani hakuiandika.

Wakamuuliza Kamau nani aliyeificha barua ndani ya unga. "Ni mimi," akasema. Aliniangalia mara moja tu, alipokuwa anapandishwa kwenye lori, na sikuona lawama machoni mwake. Niliona mshangao. Alikuwa bado anajiuliza nini kilichotokea kati ya mkono wangu na tanuri.

Mchana ule Bai alikuwa amepika mayai juu ya viazi na vitunguu, chakula ambacho mzee alikipenda kuliko vyote, na sufuria ikarudi jikoni kama ilivyotoka. Niliwasikia nyuma ya pazia. Kigujarati chao nilikuwa nimeanza kukishika. "Ungesema hujui," Bai alisema. "Neno moja." Naye akajibu, "Neno hilo lingekuwa langu milele." Bai akasema, "Na hili ulilolisema, ni la nani?" Kuanzia siku hiyo mikate iliharibika mara kwa mara, maana hakuna aliyelijua tanuri lile kama Kamau, na mzee hakumfokea mtu tena. Alikuja kukaa kwenye veranda, anakunywa chai, hafundishi. Tuliandika barua kuuliza alikopelekwa Kamau, hazikujibiwa. Mimi nilifanya kazi yangu. Nilifua, nikapika, nikapaka makopo mafuta, na kila nilipopita pipa la unga nilitazama kando.

Mwezi wa Septemba mama yake Kamau alifika uani, mwanamke mrefu mwenye kitambaa kichafu kichwani, akasema mwanawe amekufa kambini kwa homa ya matumbo na hawakumwonyesha kaburi. Alisema kwa Kiswahili kifupi, kama mtu anayetoa ripoti. Alikuwa amekuja kuchukua nguo zake. Bwana Sorabji aliingia dukani mwenyewe akatoka na mikate sita. Mama yule aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwenye ngazi, akachukua bunda la nguo na kuondoka. Alikuwa awe mama mkwe wangu, nami nilijificha nyuma ya mlango wa jikoni mpaka alipofika barabarani.

Hapo ndipo mzee alipoanza kusema lile jambo lililonimaliza. Alikuwa amelifikiria miezi yote. Kamau, alisema, alikuwa mtu wa tanuri. Moto ulikuwa mbele yake siku nzima. Barua yenye uchafu ikamfikia, na badala ya kuitupa motoni ajiokoe, akaiweka kwenye unga. Kwa nini? Kwa sababu ya heshima. Hakuzaliwa katika dini yetu, alisema, lakini alifia heshima ya moto. Alimwambia Bai, akamwambia karani wa duka, akawaambia wasafiri wa reli waliokuja kununua skonzi. Aliniambia mimi kila asubuhi. Alinieleza kwamba mtu akifa roho yake hukaa karibu na mwili siku tatu, na alfajiri ya nne hufika kwenye daraja liitwalo Chinvat. Kwa mwema daraja hupanuka. Kwa mwongo huwa jembamba mpaka likawa makali ya kisu, naye huanguka. Na kabla ya kuvuka hukutana na msichana, ambaye uzuri au ubaya wake umetengenezwa na fikira, maneno na matendo ya mtu huyo mwenyewe. "Kamau nakuta msichana mzuri sana," alisema. "Mimi najua." Ilikuwa ndiyo faraja yake pekee kwa kumtaja Kamau mbele ya inspekta, nami nilimmiminia chai na kunyamaza.

Desemba akaanguka kitandani, moyo ukimchoka. Chumba chao kilikuwa na vitanda viwili vya chuma, kabati la kioo, na taa ya mafuta iliyohamishwa kutoka sebuleni. Bai alipiga simu Nairobi kwa jamaa zake waje, na asubuhi moja akaenda kuoga, maana hawaisomi sala ya toba, ile ya mtu anayekaribia kufa, bila kuoga, na alitaka kumsomea aifuatishe. Akaniachia nimpepee. Mzee alifumbua macho, akaanza tena. "Kamau," akasema, "yeye iko mbele. Mimi takuta yeye huko. Mimi tasema, Kamau, wewe ilikuwa mtu safi kuliko mimi."

Nimewahi kujiambia kwamba nilisema kwa ajili ya ukweli, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuupenda. Si kweli. Nilisema kwa hasira. Nilikuwa nimebeba peke yangu miezi minane, na yeye alikuwa anajiandaa kuondoka akiwa amefarijika.

"Bwana," nikasema, "si Kamau aliyeweka ile barua kwenye unga. Ni mimi. Yeye aliniambia niitie motoni."

Aliniangalia. Sikudhani mgonjwa anaweza kuangalia vile.

"Kwa nini wewe hapana tia?"

"Ilikuwa na usaha. Ulinifundisha kitu kama hicho kisiingie motoni."

Nilisikia maji ya Bai yakimwagika bafuni. Mzee akasema, polepole, kwa sauti isiyo na ukali wowote, "Moto nasamehe, Rispa. Mtu iko kubwa. Moto nasamehe kila siku." Akavuta pumzi. "Hiyo mimi hapana fundisha wewe."

Midomo yake ikaanza kutafuta sala. Nilizijua zile sauti, nilikuwa nimezisikia mwaka mzima. Alianza neno la kwanza, akasimama, akaanza tena, akasimama. Kisha akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyekataa chakula, akageuza uso upande wa ukuta. Alikufa hivyo, kabla Bai hajafunga bomba.

Jamaa wawili walifika kutoka Nairobi mchana, wakamwosha, wakamvika nguo nyeupe zilizochakaa, kwa desturi yao, wakamfunga mshipi wake. Baada ya hapo asiye wa dini yao hawezi tena kuingia wala kumtazama. Niliambiwa nimlete mbwa wa bekari, yule mwenye madoa mawili juu ya macho, kwa sababu wao huamini macho ya mbwa hufukuza uchafu wa mauti, na lazima amtazame maiti. Nikamleta kwa kamba mpaka kizingitini. Mwanamume mmoja akaipokea kamba, mbwa akaingia, mimi nikabaki nje. Walikuwa wampeleke Nairobi siku ile ile, kwenye makaburi ya watu wao, na gari lilikuwa limeshafika barabarani.

Bai alitoka mpaka mlangoni. Hakunikaribia. Alikuwa amevaa nyeupe, nywele zake bado zimelowa.

"Rispa," akasema, "mimi ilikuwa kwa bafu. Wewe ilikuwa na yeye. Yeye nasema sala ya toba?"

"Alisema, Bai."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akafumba macho. Akanishukuru kwa Kigujarati, kisha akanishukuru tena kwa Kiswahili ili awe na hakika nimeelewa, akarudi ndani kwa mumewe.